Korongo Mwenye Alama Mguuni

Wiki iliyopita nilimwita fundi apake chokaa ukuta wa jikoni, na kwa siku tatu nikawa nakula chakula changu nje, barazani. Fundi aliniuliza kama harufu inanisumbua kifua. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ni rahisi kumweleza fundi habari za kifua kuliko kumweleza habari za korongo.

Watu wengi hawajui kwamba korongo hujinyea miguu. Hufanya hivyo makusudi jua likiwa kali, ili miguu ipoe, na kinyesi kile kikikauka huwa cheupe pe, na chumba alimofungiwa hunuka chokaa mbichi. Mimi najua kwa sababu niliwahi kumfungia mmoja kwa siku nne, nikiwa na miaka tisa. Sababu ya kumfungia sijawahi kuisimulia mbele za watu. Nilitaka nimtoe yeye, nipewe mama.

Tuliishi shuleni, upande wa Hulugho, kwenye nchi tambarare ya mchanga mwekundu na miti ya miiba. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu na jiografia, mtu wa Kitui, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni hata siku ya Jumapili. Nyumba za walimu zilikuwa tano, zimepangwa mstari mmoja. Nilipokuwa mdogo zote zilikuwa na watu wa chini kama sisi, maana ndivyo wenyeji walivyotuita sote tuliotoka ng'ambo ya mto Tana. Kisha zikaja habari za hofu barabarani, walimu wakaanza kufunga mizigo, na katika muhula mmoja nyumba nne zikabaki na kufuli. Baba hakuondoka. Alisema watoto wa darasa la nane hawana kosa. Nadhani pia kurudi nyumbani kungemlazimu kueleza habari za mama, na hilo hakuliweza.

Mama alikuwa amekwenda Jeddah kufanya kazi ya nyumbani kwa mtu. Alikwenda kwa miaka miwili, akaniachia leso yake moja na maagizo mengi. Mwanzoni alikuwa akipiga simu na mimi nikizungumza naye mwenyewe. Baadaye baba akasema mtandao umekuwa mbaya, simu haishiki chini, lazima apande ngazi ya tangi la maji la shule, na mtoto haruhusiwi kupanda huko. Basi kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alipanda, akasimama juu kule akiwa ameweka simu sikioni, nami nikamtazama kutoka chini huku nimekinga macho. Akishuka aliniambia maneno yaleyale: mama anakusalimu, anasema usome kwa bidii, ule ushibe, na usitembee bila viatu. Nilivaa viatu vyangu hata kwenda chooni. Haikunipitia akilini kujiuliza kwa nini mama haongezi jambo la nne.

Mchana ulikuwa na nafuu, kwa sababu darasani tulikuwa wengi. Tatizo langu lilikuwa alasiri. Wenzangu walikwenda chuoni kusoma Kurani, wote, wavulana kwa wasichana, na uwanja ukabaki na mimi na mbuzi. Hawakunibagua, siwezi kuwasingizia. Ni kwamba walikuwa na mahali pa kwenda na mimi sikuwa napo. Kuna upweke wa mtu aliyefukuzwa, na kuna upweke wa mtu ambaye hakuna aliyemfukuza, na huu wa pili hauna hata wa kumkasirikia.

Aliyeniangalia saa hizo alikuwa Eedo Halima. Aliuza chai na mikate ya anjera langoni mwa shule, chini ya kibanda cha maturubai, mwanamke mrefu mwenye hina vidoleni na ulimi usiopumzika. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na mimi nilimwita hivyo kwa sababu watoto wote walimwita hivyo. Alinipa chai ya maziwa ya ngamia iliyonuka moshi wa kibuyu, akanigombeza kwa nywele zangu, akaniuliza kila Jumamosi, "Mama yako alibiga simu?" Nami nikajibu kwa majivuno kwamba amepiga, anasema nisome kwa bidii. Yeye akaitikia, "Haye, fizuri," akaendelea kukoroga.

Mvua za vuli zilipoanza, ndege walikuja. Nyuma ya shule kulikuwa na bwawa lililochimbwa kwa trakta, ambalo miezi mingi lilikuwa shimo la matope yaliyopasuka. Mvua mbili tu zikilipiga, lilijaa maji ya rangi ya chai, panzi wakazagaa majanini, na asubuhi moja ukiamka unakuta kumejaa wageni. Mbayuwayu walikaa juu ya waya kwa mamia. Keremkerem walipita juu wakiitana kwa sauti za filimbi. Vipanga walining'inia angani bila kutikisa bawa. Na makorongo, weupe wenye ncha nyeusi za mabawa na midomo mirefu myekundu, walitembea majanini polepole, kichwa chini, kama wakaguzi wa shule.

Baba aliyapenda mambo haya. Alasiri ya kwanza ya ndege alinichukua tukakaa ukingoni mwa bwawa, tukawahesabu mpaka tukachanganyikiwa tukaanza upya. Kisha akanipeleka darasani, akanionyesha ramani ukutani. Alianzia juu kabisa, kwenye nchi za baridi, akashusha kidole kupitia Uturuki, kupitia Arabuni, akavuka bahari nyembamba, akafika kwetu. Akasema wanakimbia baridi, na wakimaliza panzi wa hapa watakwenda kusini zaidi.

"Kwa hiyo wanapita juu ya mama?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshaanza kusahihisha madaftari. "Wanapita," akasema bila kuinua kichwa.

Tangu siku ile alasiri zangu zikapata kazi. Nilikaa bwawani peke yangu nikimtazama ndege mmojammoja, nikijiuliza ni yupi aliyeona kamba ya mama ya kuanikia nguo. Wengine wangeona mchezo, lakini kwangu haukuwa mchezo. Nilikuwa nimeanza kusahau sauti yake, na nilijua kwamba naisahau.

Sasa lazima nieleze habari ya ngamia, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu tu.

Mwezi mmoja kabla ya ndege, alifika kijijini mzee mmoja kutoka upande wa Liboi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea siku tisa akitafuta ngamia jike aliyepotea. Kila kisima alichopita alisimama akasema rangi yake, umri wake, na alama aliyochomwa shingoni. Watu walimlisha, wakampa mahali pa kulala, wakamwambia waliyoyaona. Kwetu ngamia yule alikuwapo, amechanganyika na wanyama wa jirani yake Eedo Halima kwa wiki kadhaa. Nilidhani yatazuka magomvi. Hayakuzuka. Walimtazama ngamia shingoni, wakamtazama mzee, wakampa kamba, na mwenye zizi akaomba radhi kwa kumkamua maziwa.

"Hiyo inaitwa baadi," Eedo Halima aliniambia. "Mnyama amebotea. Ukipata, unaweka, unalisha, unatangaza kwa watu. Unaangalia alama. Mwenyewe atakuja. Hata iwe mbali namna gani, abaayo, mwenyewe lazima atakuja."

Aliponiita abaayo, yaani dada, nilimwamini moja kwa moja. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Korongo wangu nilimpata siku ya Jumanne. Alikuwa amenasa kwenye ua wa miiba wa shamba la shule, bawa moja limeshikwa, amechoka hata kupigapiga ameacha. Nilimwita baba. Alivua koti lake, akamfunika kichwa, na ndege akatulia mara moja mikononi mwake huku miguu mirefu ikining'inia. Bawa halikuvunjika, manyoya machache tu yaling'oka na ngozi ikachunika. Baba akasema akiachwa nje leo mbweha watamla, basi tumweke katika nyumba ya pili, ambayo ufunguo wake alikuwa nao, apumzike siku tatu. Ndani mlikuwa na kalenda ya zamani ukutani na kiti kisicho na mguu mmoja. Tukamwekea karai la maji. Korongo alisimama kwenye kona akaufunga na kuufungua mdomo wake haraka haraka, ta-ta-ta-ta, maana korongo hana sauti, ana hiyo tu.

Kesho yake alasiri, nikimpelekea panzi kwenye kopo, niliona kitu mguuni, juu ya goti. Kilikuwa kimefunikwa na ule uchafu mweupe. Nikasubiri mpaka aliposhughulika na panzi, nikamwagia maji, nikasugua kwa ncha ya leso. Kilikuwa pete. Pete nyeusi pana, yenye herufi na tarakimu nyeupe ambazo hazikuunda neno lolote ninalolijua.

Nilikaa chini sakafuni. Ndege huyu ana alama. Mwenye alama ana mwenyewe. Ametoka kule ambako kidole cha baba kilipita. Na mimi, katika Arabuni nzima, nilijua kuwapo kwa mtu mmoja tu mwenye mali: yule bwana aliyemwajiri mama. Mtoto wa miaka tisa haoni ajabu kwamba nchi nzima iwe na mtu mmoja. Hesabu yangu ilikamilika kabla panzi hawajaisha. Atakuja kumtafuta ndege wake. Nami sitampa mpaka anirudishie mama.

Nilikimbia kwa Eedo Halima nikamwambia nimepata baadi. Alicheka, akaja kuona, akaacha kucheka. Alama kwa watu wa kule si jambo la kuchekwa. Aliinama akaitazama ile pete kwa muda.

"Hii si Kiarabu," akasema. "Lakini alama ni alama. Haya, tutatangaza." Na kweli alitangaza. Jioni ile wachunga ngamia waliopita kunywa chai waliambiwa kuna ndege mkubwa kwa mwalimu, alama nyeusi mguu wa kulia, mwenyewe anatafutwa. Wengine walicheka. Wengine walikariri wakaenda nayo.

Nilimuuliza kama mtu wa Jeddah atachukua siku ngapi. Akasema kuna bahari katikati. Nikahesabu kwamba matajiri hupanda ndege, basi siku tano zinatosha.

Alhamisi korongo alikataa panzi. Aliwatazama wakiruka kutoka kwenye kopo, akageuza kichwa upande wa dirisha. Nje wenzake walikuwa wanapungua. Kila asubuhi, jua likipanda, kundi moja lilianza kuzunguka, likapanda juu likizunguka bila kupiga bawa, mpaka likawa vidoa, halafu likaelekea kusini. Nilihesabu waliobaki bwawani: sitini, halafu thelathini na kitu.

Baba alimtazama bawa akasema, "Amepona huyu. Kesho asubuhi tumwachie, la sivyo wenzake watamwacha."

Nikamwambia bado anachechemea. Ulikuwa uongo mtupu. Nikamwambia anaogopa, nikamwambia ananipenda. Baba akaniangalia kwa mshangao, kwa sababu sikuwa mtoto wa kubembeleza, akasema basi mpaka Ijumaa jioni, si zaidi.

Eedo Halima hakubembelezeka. "Anakula?" akaniuliza. Nikatazama kopo la panzi. "Sikia, abaayo. Baadi hashikwi kwa nguvu. Ngamia akikataa chakula, akitazama njia, wewe fungua. Anajua kwao. Akifa kwa nyumba yako, hiyo ni deni ya shingo yako mbele ya Mungu."

Nilimchukia kwa maneno hayo. Nilirudi katika nyumba ya pili, nikakaa na korongo mpaka giza lilipokaribia, tukitazamana. Nilimwomba ale. Nilimweleza kila kitu, kwamba ni siku mbili tatu tu, kwamba mimi sina ubaya naye. Aliufunga mdomo, akasimama kwa mguu mmoja. Alikuwa na jicho dogo jeusi lisilokuwa na chochote dhidi yangu wala kwa ajili yangu, na sijapata kujisikia peke yangu kama nilivyojisikia mbele ya jicho lile. Nilijua ninamuua. Nilijua pia kwamba sitafungua mlango.

Ijumaa baba alipanda ngazi ya tangi. Nilimngojea chini. Aliposhuka, vumbi la kutu mikononi, akaanza: mama anakusalimu, anasema usome kwa bidii…

"Umemwambia habari za ndege?" nikamkatiza.

"Ndege gani?"

"Ndege wa tajiri wake. Mwambie amwambie aje amchukue. Lakini asije peke yake. Aje na mama, ampokee ndege, atuachie mama."

Baba hakuelewa, kwa hiyo nikamweleza yote, mzee wa Liboi, pete, siku tano, na jinsi nilivyoamua kwamba hata Eedo akinigombeza sitafungua mlango. Nilieleza kwa haraka na kwa fahari, nikitegemea kusifiwa. Nilipomaliza, baba aliketi kwenye kidato cha chini cha ngazi. Alitoa kalamu moja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mwanangu," akasema, "mimi sijazungumza na mama yako tangu kabla ya Ramadhani."

Nikamwambia, "Kila Ijumaa mnazungumza."

"Nampigia. Simu yake imezimwa. Nampigia wakala wa Nairobi aliyempeleka, naye hashiki. Nikishuka sina cha kukuambia, nakuambia hayo."

Miezi saba. Ule uvaaji wote wa viatu. Sikulia, nilikasirika, hasira ya kutisha kwa mtoto, nikamuuliza kitu ambacho nafikiri hakukitarajia. Nilimuuliza amemtangazia nani.

"Nimtangazie nini?"

"Kwamba mama amepotea. Ngamia akipotea mtu anatembea kila kisima anasema alama. Wewe umemwambia nani?"

Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Ndugu zake walikuwa wamemwonya asimruhusu mkewe kwenda kutumikia nyumba ya watu, na hapa shuleni aliona haya kwamba wanaume waliolala njaa kwa ajili ya ngamia mmoja watamwonaje mtu aliyempoteza mke na bado anafundisha hesabu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tangu walimu wengine waondoke, baba ndiye aliyetufundisha Kiswahili pia, na methali hiyo aliisahihisha darasani kwa kalamu nyekundu.

Alisimama, akanishika mkono, tukaenda nyumba ya pili. Alimfunika korongo koti kama siku ile ya kwanza, akambeba mpaka bwawani. Njiani alipangusa pete kwa kidole gumba, akaisoma, akaniambia herufi hizo ni za mji wa mbali sana kaskazini, wa theluji, na kwamba pete hizi huvishwa na watu wanaotaka tu kujua ndege wanafika wapi. Hawamfuati. Nilimuuliza kama wanampenda. Akasema hajui, labda.

Makorongo waliobaki walikuwa kumi na wanne. Alimweka chini, akaondoa koti. Korongo alisimama akajikung'uta, akatembea hatua chache kama asiye na haraka, akala panzi mbele ya macho yangu, mmoja, wawili, watatu. Asubuhi yake kundi lilipanda, na mimi sikuweza kujua yupi alikuwa wangu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la mifugo. Baba alivaa shati la kazini. Alinichukua tukaanzia kwa Eedo Halima, ambako wachunga na wachuuzi walikuwa wamejaa wakinywa chai, na pale mbele ya kila mtu, kwa Kiswahili na kwa Kisomali chake kibovu, baba akasema mke wake amepotea Jeddah, yapata miezi saba sasa, na anaomba mwenye habari.

Nilingoja wacheke. Mzee mmoja akasogea kwenye benchi, akampa baba nafasi, akamwekea kikombe chake mwenyewe mkononi.

"Jina?" akauliza. Baba akasema. "Rangi? Urefu? Ana alama gani?"

Baba akapapasa kalamu mfukoni. Mimi nikajibu. Nikasema ni mrefu kunipita hivi, nikaonyesha kwa mkono. Nikasema ana mwanya. Nikasema ana kidoti shavuni, nikataka kusema upande gani, na sikukumbuka. Nilimwangalia baba, naye alikuwa ameuficha uso kwenye kikombe. Nikasema upande wa kushoto, kwa kubahatisha tu.

Aliyekasirika alikuwa Eedo Halima. Aliweka birika chini kwa kishindo. "Mwalimu, umefanya fibaya sana. Mimi nina kaka Jeddah, mwaka ya kumi na mbili, anaendesha lori ya maji. Kila siku nauliza hii mtoto, mama alibiga simu? Anasema alibiga. Kila siku. Na wewe unakunywa chai yangu, unanyamaza." Alikuwa analia huku akigomba, anajipangusa kwa ncha ya shungi. "Leta bicha yake. Leta sasa hivi."

Picha ilikwenda kwa simu ya mchuuzi mmoja aliyekuwa akielekea Garissa. Majina yalikaririwa. Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Bwawa lilianza kunywea. Ndege wote waliondoka, hata mbayuwayu, na waya zikabaki tupu. Baba hakupanda tena tangi, na Ijumaa zikawa siku ndefu kuliko nyingine, kwa sababu hata ule uongo mtamu sikuwa nao tena. Siku moja nilimwomba aniambie tu, hata kama si kweli. Alikataa, akanipikia mayai.

Simu ilipigwa siku ya kazi, wakati wa mapumziko ya saa nne. Baba alikuja mbio uwanjani, yeye ambaye hakukimbia kamwe, akanivuta mpaka kwenye tangi, akanipandisha ngazi mbele yake, mpaka juu, mahali nisiporuhusiwa. Aliniambia kaka yake Eedo Halima ameuliza msikiti kwa msikiti na duka kwa duka mpaka akaambiwa nyumba aliyomo, kwamba mama alihamishiwa kwa watu wengine na simu yake wakaichukua, sasa amepewa dakika chache, niseme haraka. Akanibandika simu sikioni.

Kulikuwa na upepo, na sauti ya mwanamke iliyochoka ikiita jina langu. Sikuitambua. Nilijitahidi, nikafumba macho, sikuitambua. Ilikuwa nene na ya polepole, ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Ijumaa nyingi nilishaambiwa maneno ya mama ambayo hayakuwa ya mama. Baba alikuwa akinitikisia kichwa, sema, sema.

"Una alama gani?" nikauliza.

Nilimsikia baba akivuta pumzi. Kisha yule mwanamke akasema taratibu, kwa Kikamba, kwamba yeye hawezi kuonyesha alama yake kwa simu, lakini ya kwangu anaijua. Nyuma ya sikio la kulia, chini ya nywele. Alinichoma kwa kitana cha moto nikiwa na miaka mitatu, mkesha wa Krismasi, na hakumwambia baba kwa sababu baba alikuwa amekataza kitana kile, na kwa siku kumi alinifunga kitambaa akidai nina mafua.

Nikapeleka kidole. Palikuwa na sehemu ndogo, laini, isiyoota nywele, mahali ambapo sijawahi kugusa kwa sababu sikujua kuna kitu. Baba alikuwa akiniuliza amesema nini, amesema nini.

Nikamwambia ni yeye.